Kuondoa Madoa ya Maji Kwenye Boti ya Faiba Iliyokwisha Kutumika

Boti ya faiba iliyokaa majini muda mrefu, ikivutwa nchi kavu, huwa na ukanda mbavuni. Ukanda huo huanza pale uso wa maji ulipokuwa ukiigusa boti na kushuka chini kidogo, nao huwa wa manjano iliyofifia au wa kahawia ya kutu. Wengi wanaonunua boti zilizotumika katika mialo ya Ziwa Victoria, kuanzia Kasenyi na Ggaba hadi Masese kule Jinja, huuchukulia kuwa uchafu wa kawaida, wakatafuta stilwaya na sabuni ya unga, wakasugua mpaka mikono ikafa ganzi. Kesho yake ukanda bado upo, na juu yake imeongezeka mikwaruzo. Sababu ni kwamba doa hilo halikukaa juu ya boti bali limeingia ndani ya ngozi yake, na kinachoweza kulifuata huko si nguvu ya mkono bali ni asidi nyepesi iliyopewa muda wa kutosha.

Doa linatoka wapi

Ganda la nje la boti ya faiba huitwa jelikoti. Ni tabaka la rezini (plastiki ya kimiminika iliyoganda) ngumu yenye rangi, lenye unene wa takriban nusu milimita, linalofunika nyuzi za kioo ili maji na jua visizifikie. Boti ikiwa mpya tabaka hilo huwa nyororo na hung'aa. Likipigwa na jua la Ikweta mwaka baada ya mwaka bila kupakwa nta, huchakaa, likafunguka vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na likaanza kuacha ungaunga mweupe kiganjani unapolipapasa. Vitundu hivyo ndivyo vinavyopokea doa.

Maji ya kandokando ya Ziwa Victoria upande wa Uganda hubeba vitu viwili ambavyo vikikutana huleta balaa. Cha kwanza ni tanini, kemikali ya mimea inayotokana na mafunjo ya vinamasi na magugu maji yanayooza. Cha pili ni chuma, kinachotokana na ule udongo wetu mwekundu unaosombwa na mvua hadi ziwani. Tanini na chuma vikiungana hufanya rangi ya giza isiyoyeyuka kwa sabuni, na ni kwa kemia hiyohiyo watu wa kale walitengeneza wino wa kuandikia. Juu ya rangi hiyo hukaa mwani wa kijani, ambao kwa kweli ndio sehemu rahisi ya kazi.

Madoa meupe yana asili nyingine. Maji ya Ziwa Victoria hayana madini mengi, kwa hiyo boti iliyoishi hapo peke yake haitakuwa na ukoko mzito wa chokaa. Ziwa Albert na Ziwa Edward yana chumvi na madini mengi zaidi, na boti iliyotoka huko huweza kuja na utando mweupe mgumu. Boti iliyoletwa kwa lori kutoka Mombasa, baada ya kutumika baharini, huweza kuwa na viduara vyeupe vilivyoachwa na viumbe wenye magamba wanaojishikiza kwenye vyombo vya bahari. Viumbe hao hawaishi katika maji ya ziwa yasiyo na chumvi, hivyo ukiviona viduara hivyo kwenye boti unayoambiwa haijawahi kutoka Entebbe, una haki ya kumuuliza muuzaji maswali zaidi.

Lisome doa kabla ya kulifuta

Hatua hii wengi huiruka, nami naiona ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote kwa mtu aliyenunua boti ambayo hakuijua tangu mwanzo. Mstari wa doa ni kumbukumbu ya jinsi boti ilivyokuwa ikielea, na ukishaufuta huwezi kuurudisha. Piga picha ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, omo (mbele) na tezi (nyuma), ukisimama mbali kidogo ili mstari wote uonekane, kisha zilinganishe.

Mstari ukiwa sawa pande zote mbili na umenyooka kutoka mbele hadi nyuma, hakuna la kutilia shaka. Ukipanda juu upande mmoja, boti ilikuwa imeinama upande huo kwa muda mrefu, pengine kwa sababu ya tangi la mafuta lililowekwa vibaya, pengine kwa sababu maji yamejaa ndani ya povu gumu la kuelea lililo chini ya sakafu. Ukipanda sana upande wa tezi, huenda injini iliyofungwa ni nzito kuliko boti inavyostahili, au ubao uliofichwa ndani ya ukuta wa nyuma umelowa. Gonga sehemu hiyo kwa mpini wa bisibisi: palipo kavu hutoa mlio mkavu, palipolowa hutoa mlio mzito uliofifia.

Angalia pia michirizi inayoshuka kutoka kwenye bolti au skrubu. Mchirizi wa kutu unaoanzia kwenye kichwa cha bolti hauko kundi moja na doa la maji ya ziwa, kwa kuwa unaonyesha kwamba maji yanaingia na kutoka kupitia tundu hilo, na kuufuta bila kuitoa bolti, kukausha tundu na kuliziba upya ni kujisumbua bure. Mwisho pitisha kiganja chini ya mstari wa maji ukitafuta malengelenge. Lengelenge likitobolewa kwa ncha ya msumari likatoa majimaji yenye harufu ya siki, maji yameshapenya nyuma ya jelikoti, na hilo ni tatizo la fundi wa faiba. Kulisafisha kwa asidi hakutalitibu.

Mahali na wakati wa kufanyia kazi

Usiisafishe boti ukiwa umesimama kwenye maji ya kina kifupi, hata kama ndivyo wafanyavyo watu wote wa mwalo. Konokono wa kichocho huishi katika maji hayohayo ya ukingoni, katika Ziwa Victoria na vilevile Ziwa Albert, na saa nzima ya kusugua ukiwa na maji ya magotini inatosha kukupa ugonjwa huo. Ivute boti mbali na ziwa. Kanuni za mazingira za Uganda za mwaka 2000 zimeweka ukanda wa hifadhi wa mita 200 kando ya maziwa makubwa kama Victoria, na ni busara maji ya asidi na sabuni yasimwagikie ndani ya ukanda huo. Uwanja wenye udongo au changarawe, mbali na kisima na mfereji unaoshuka ziwani, unafaa.

Tafuta kivuli, au anza alfajiri. Asidi inahitaji kubaki na unyevu ili ifanye kazi, na jua la saa tano hapa kwetu huikausha kabla haijafanya lolote, ikaacha chembechembe nyeupe ambazo kuziondoa ni kazi nyingine. Kwa upande wa majira, miezi ya Juni hadi Agosti na Desemba hadi Februari ndiyo mizuri zaidi, kwa sababu nta haitaki mvua. Na kama boti iko karibu na ziwa, usipake nta jioni chini ya taa: mawimbi ya wadudu wa ziwani huvutwa na mwanga, wakanasa kwenye nta mbichi kwa maelfu, nawe utaanza upya asubuhi.

Kuosha kwanza

Osha boti yote kwa maji mengi, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na brashi yenye nywele laini, ukianzia chini kwenda juu ili maji machafu yasichore michirizi kwenye sehemu kavu, kisha suuza kuanzia juu. Mwani na utelezi wa kijani vitatoka hapa. Kinyesi cha ndege, ambacho boti zinazofungwa karibu na soko la samaki huwa nacho tele kwa hisani ya korongo, kilowekwe kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu hadi kilainike. Kukikwangua kikiwa kikavu huchana jelikoti.

Madoa meusi ya ukungu yaliyobaki huondoka kwa dawa ya klorini kama Jik, sehemu moja kwa sehemu kumi za maji. Lakini hapa pana hatari ambayo lazima isemwe waziwazi: klorini ikikutana na asidi hutoa gesi ya sumu inayochoma mapafu. Ukiitumia, suuza boti na ndoo zote kwa maji mengi, acha kila kitu kikauke, na asidi ingojee hadi kesho yake.

Asidi, kuanzia iliyo dhaifu

Anayejua jinsi sinia ya shaba inavyong'arishwa kwa ndimu au ukwaju ameshaielewa kanuni nzima ya kazi hii. Asidi ya tunda hushika chembe za madini, ikazing'oa bila kukwaruza kitu chenyewe. Kwenye boti tunafanya hivyohivyo, ila kwa kipimo.

Anza na siki nyeupe ya dukani, au na asidi ya sitriki ya unga ambayo watengenezaji wa juisi huitumia, vijiko vinne vya chakula katika lita moja ya maji ya uvuguvugu. Chagua sehemu ndogo isiyoonekana sana, ipake kwa sifongo, iache dakika kumi ikiwa na unyevu, kisha isuuze. Ukoko mweupe wa madini utatoa povu dogo na kulainika. Vile viduara vya baharini navyo hulainika kwa asidi hiihii, lakini huhitaji kufunikwa kwa kitambaa kilicholowa kwa saa moja au zaidi, halafu kukwanguliwa taratibu kwa kipande cha plastiki, kama vile kadi ya simu ya zamani. Kisu kisiguse hapo.

Ukanda wa kahawia, kwa kawaida, hautaondoka wote kwa sitriki. Utafifia tu. Hapo ndipo inapohitajika asidi ya oksaliki, ambayo ina sifa ya pekee ya kuungana na chuma na kukigeuza kuwa kitu kinachoyeyuka kwenye maji. Huuzwa ikiwa unga mweupe kwenye maduka ya kemikali, na mafundi wa marumaru na wa samani za mbao wanaifahamu vizuri. Ni sumu ikimezwa, huharibu figo, na vumbi lake huwasha pua na macho. Vaa glavu za mpira, miwani ya kukinga macho na barakoa wakati wa kupima unga. Tumia ndoo ya plastiki. Na usiihifadhi kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, kwani mtoto hawezi kujua tofauti.

Kipimo kinachotosha ni gramu 50 katika lita moja ya maji ya uvuguvugu. Weka maji kwanza, unga baadaye, ukoroge kwa kijiti. Tatizo la maji haya ya asidi ni kwamba huteremka ubavuni kabla hayajafanya kazi. Dawa yake iko jikoni: pika uji mwembamba wa wanga wa muhogo, uache upoe kabisa, kisha uchanganye humo asidi iliyokwisha kuyeyushwa, ukipunguza maji ya kuyeyushia asidi ili kipimo kisififie sana. Uji huo hushika kwenye ubavu uliosimama wima bila kuchuruzika. Sufuria iliyopikiwa wanga isitiwe asidi. Changanya kwenye ndoo.

Upake kwa brashi pana kuanzia chini ya mstari kwenda juu, kipande cha mita moja hivi kwa wakati, usije ukapaka ubavu mzima halafu ukashindwa kuufikia kabla haujakauka. Ndani ya dakika chache utaona jambo lenye kufurahisha: kahawia inageuka manjano, manjano inapauka, na rangi halisi ya boti inaibuka bila mtu kusugua chochote. Dakika kumi hadi kumi na tano zinatosha. Ukiona uji unaanza kukauka pembeni, nyunyiza maji. Kisha suuza kwa maji mengi sana, ukipitisha sifongo, na umalizie kwa ndoo ya maji yenye vijiko viwili vitatu vya magadi ya kuokea ili kuua asidi iliyojificha kwenye vitundu na kwenye viungo. Doa likibaki, rudia. Mara mbili za dakika kumi ni salama kuliko mara moja ya saa nzima.

Funika kwa plastiki na utepe kila kilicho cha chuma: bolti za nyuma, mguu wa injini, na hasa trela, kwa sababu asidi hula zinki inayozuia kutu kwenye trela hizo. Palipodondokewa paoshwe papo hapo.

Kuna wanaopendekeza asidi kali ya kusafishia vyoo, kwa kuwa inapatikana kila duka na bei yake ni nafuu. Ni kweli huondoa doa haraka. Huondoa pia mng'ao wa jelikoti, huvila vichwa vya skrubu, na huacha ganda lenye vitundu vingi kuliko mwanzo, kiasi kwamba msimu ujao doa hurudi likiwa jeusi zaidi. Mimi singeigusa. Stilwaya nayo ina kosa lake mbali na mikwaruzo: huacha vipande vya chuma visivyoonekana ndani ya jelikoti, na vipande hivyo hushika kutu baada ya siku chache, ukawa umepanda madoa mapya kwa mikono yako.

Kurudisha mng'ao

Baada ya asidi boti itakuwa safi lakini yenye sura ya chaki. Kama ungaunga ni mwepesi, paka dawa ya kung'arishia ile ambayo mafundi wa rangi za magari huiita rabingi, kwa kitambaa laini cha pamba, ukizungusha mkono kwa miduara midogo, kisha ipanguse. Fundi mwenye mashine ya kung'arishia, wa aina wanaopatikana kwenye gereji za Katwe au Ndeeba jijini Kampala, atafanya kwa saa chache kazi ambayo mkono ungeifanya kwa siku nzima. Mwambie tu aendeshe mashine kwa mwendo wa chini na asisimame mahali pamoja, kwani jelikoti haipendi joto.

Ganda likiwa limechakaa sana, tanguliza msasa wa maji namba 1000, kisha 1500, kisha 2000, huku ukimwagia maji muda wote. Kumbuka unene tuliotaja: nusu milimita ndiyo akiba yote uliyo nayo, na mwenye boti wa kwanza huenda ameshakula sehemu yake. Kwenye kona na kwenye mkuku, yaani uti wa chini wa boti, ambako jelikoti huwa nyembamba zaidi, msasa upite kwa wepesi au usipite kabisa. Ukianza kuona nyuzi za kioo, acha.

Nta hupakwa siku hiyohiyo boti ikishakauka, kwa sababu vitundu vilivyosafishwa viko wazi na vitanyonya chochote kitakachotangulia kufika. Chagua nta ya boti, au nta ngumu ya magari yenye karnauba (nta ya mmea). Ile ya maji ya kunyunyizia haidumu kwa jua letu. Paka tabaka jembamba, subiri liwe na ukungu mweupe, futa kwa kitambaa kikavu, halafu rudia tabaka la pili kwenye mstari wa maji. Mimina maji kidogo uone: yakijikusanya kuwa matone na kuteremka, nta imeshika, yakitandaa na kulowesha, kuna mahali palipokosa. Kwa boti inayolala ziwani, rudia nta kila miezi mitatu au minne, na katikati ya hapo upanguse mstari wa maji kwa sitriki nyepesi kila boti inapotolewa. Nta haifai chini ya mstari kwa boti isiyotoka majini kabisa. Huko huhitajika rangi maalumu ya kuzuia mwani, nayo haishiki juu ya nta.

Boti za mbao na za alumini

Mitumbwi ya mbao ya Ssese na boti nyingine za mbao zina doa lao, yaani weusi unaozunguka kila msumari, ambao ni ileile tanini, safari hii ya mbao yenyewe, iliyokutana na chuma cha msumari. Asidi ya oksaliki huuondoa vizuri, baada ya kukwangua rangi ya zamani, na ubao ukikauka kabisa hupigwa msasa mwepesi na kupakwa rangi upya. Vumbi la msasa huo lisivutwe puani, kwa kuwa bado lina asidi. Msumari ulioliwa ubadilishwe na kalafati, yaani kizibio cha nafasi kati ya mbao, ipigwe upya kabla ya rangi.

Alumini haivumilii asidi kali wala magadi makali, kwani vyote viwili huila. Tumia siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, usiiache zaidi ya dakika tano, suuza, kausha kwa kitambaa. Wepesi wa rangi ya kijivu utakaobaki ni ngozi ya kinga ya alumini yenyewe, nao uachwe ulivyo.